Tela la Kwenda Maragoli

Tela lililetwa gereji likiwa limelazwa ubavu juu ya lori, na tulipolishusha tulikuta ekseli imepinda na turubai limechanika toka juu hadi chini. Mwenyewe alikuwa Mzungu mmoja wa Kitisuru. Aliliagiza kwa ajili ya kumpeleka mke wake na watoto kulala porini wakati wa likizo, na safari ya kwanza tu likapinduka kwenye barabara ya udongo ya marram. Hakuna aliyeumia, lakini mke wake alisema hataki kuliona tena, na baada ya muda yule Mzungu akatuma habari kwamba tulifanyie tutakalo.

Mimi nilikuwa seremala wa gereji hiyo. Ilikuwa katikati ya mji, nyuma ya maduka, mahali ambapo ukisimama mlangoni wakati wa jua kali ulisikia harufu ya Mto Nairobi. Tulijenga mabodi ya malori na mabasi. Mwenye gereji alikuwa Kalasinga mzee, mtu wa maneno machache, aliyenifundisha kazi kwa kuninyang'anya randa mkononi na kunionyesha, kisha kunirudishia. Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kwake tangu nilipotoka kwetu Maragoli nikiwa kijana aliyeoa juzi.

Tela hilo lilikuwa la aina ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiona. Likifungwa lilikuwa sanduku pana la mbao na bati juu ya magurudumu mawili, si refu kupita kiuno cha mtu. Ukifungua makufuli na kusukuma kifuniko, kinapanda juu na turubai linapanda nacho. Kisha unavuta ubavu wa huku na ubavu wa kule, zinatoka mbao mbili pana ambazo ni vitanda, na katikati panabaki nafasi ya kusimama. Ulikuwa na sanduku, sasa una chumba chenye dirisha.

Kalasinga alilizunguka, akalipiga gurudumu teke.

"Mbao mzuri hii," akasema. "Sisi nachoma bure tu. Wewe nataka?"

Nikasema nataka. Sikuwa na gari la kulivuta, sikuwa na mahali pa kuliweka, na mke wangu na watoto walikuwa mbali, mwendo wa siku nzima na usiku kwa treni. Nilijibu kwanza, mengine nikayafikiria baadaye.

Wakati huo nilikuwa nakaa Mutuini. Kabla ya hapo nilikaa upande wa mashariki wa mji, katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wanaume peke yao, kitanda kwa kitanda, na sikuweza kuzoea kulala nikisikia pumzi za watu nisiowajua. Mtu wa kanisani kwetu alinipeleka Mutuini kwa mama mmoja Mkikuyu aliyekuwa na shamba dogo la mahindi na maharagwe, na miti ya miwati mpakani. Mume wake alikuwa amechukuliwa na serikali mwanzoni mwa Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, na habari zake zilikuwa haba. Hakuwa mjane, wala hakuwa na mume. Alinipangisha chumba kimoja cha udongo chenye paa la bati. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, na changu wakati huo hakikuwa kikubwa sana, kwa hiyo tulisalimiana asubuhi na jioni, na siku nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu yote. Yeye na majirani wote waliniita Fundi. Sidhani kama kuna aliyejua jina langu.

Asubuhi nilipanda baisikeli kwenda mjini, jioni nikarudi. Jumapili nilikwenda kanisani, kisha nikarudi kukaa mlangoni. Nyumbani sikuwa nimefika kwa miaka kadhaa. Mwaka mmoja kulikuwa na mabasi ya kumaliza kabla ya Krismasi na Kalasinga akaniomba nibaki. Mwaka mwingine niliugua. Mwaka uliofuata nilikuwa na nafasi, ila nilikuwa nimezoea kutokwenda, na hilo sikumweleza mtu. Nilituma pesa, nikatuma nguo, nikaandika barua ambazo mwalimu wa kule alimsomea mke wangu, naye akajibu kupitia kwa mwalimu huyo huyo. Kwa hiyo hata tulipoandikiana tulikuwa watu watatu, na hatukuambiana jambo ambalo mwalimu hangepaswa kusikia.

Tela ndilo lililonitia wazo la safari. Kalasinga aliniruhusu kulitengeneza baada ya kazi kwa vyuma na mabaki ya mbao, na nilipokuwa nanyoosha ekseli nikaanza kuona jinsi itakavyokuwa. Mke wangu na watoto wangekuja Nairobi kwa treni. Wangekaa nami Mutuini, waone ninapolala na ninapofanya kazi, niwatembeze mjini waone maduka ya vioo. Kisha ningeazima pikapu ya gereji, nikafunga tela nyuma, tukarudi Maragoli wote kwa barabara, polepole, tukilala njiani. Kwenda haraka sikutaka. Nilitaka siku chache ambazo hatuna kazi nyingine ila kuwa pamoja ndani ya gari moja na kulala chini ya turubai moja. Hatukuwa tumepata siku kama hizo tangu tuoane.

Nilimwambia Kalasinga. Akaendelea kula chakula chake, halafu akaniuliza kama nitaweza kuvuta tela kwenye mteremko wa bondeni bila kuchoma breki. Nikamwambia nitashuka kwa gia. Akasema basi, nitakapopata likizo nichukue pikapu, ila nikiirudisha imegongwa nisirudi mwenyewe. Nikajua amekubali kwa moyo mmoja.

Turubai jipya nililishona mwenyewe kwa cherehani ya fundi wa viti vya magari aliyekuwa jirani yetu. Vitanda nilivifanya upya, kwa sababu vile vya Mzungu vilikuwa vya watu wawili wakubwa na watoto wawili, na sisi tulikuwa na watoto watatu. Upande mmoja niliacha kitanda kipana cha mimi na mke wangu pamoja na yule mdogo. Upande wa pili nilitia mbao ya kugawa, huku kijana wetu, huku msichana. Nilipima kwa mkono wangu, nikikumbuka kichwa cha kijana kilifika wapi aliposimama mbele yangu siku niliyoondoka mara ya mwisho. Kilifika kwenye kifungo cha tatu cha shati. Nikaongeza kidogo, nikakata.

Usiku wa kulala njiani ndio ulikuwa swali kubwa. Mashamba yote toka Limuru kwenda mbele yalikuwa ya Wazungu, na Mwafrika hangeweza kusimamisha gari kando ya seng'enge za mtu, akafungua turubai na kuwasha moto. Mzungu akifanya hivyo, yuko matembezini. Mimi nikifanya hivyo, nitaulizwa kipande changu cha utambulisho, na baada ya kipande nitaulizwa tela nimeliiba wapi. Kwa hiyo niliwauliza madereva wa malori waliokuja gereji. Waliniambia ni wapi kuna kizuizi cha polisi, wapi kuna maji safi, mteremko gani ushuke kabla ya ukungu wa jioni. Mmoja wao, mtu wa kwetu, aliniambia nisijisumbue na kando ya barabara, nilale kwenye viwanja vya kanisa. Nikamwandikia mchungaji wa Nakuru na mwingine wa Kericho. Wa Nakuru alijibu kwamba uwanja upo, bomba la maji lipo, na nikumbuke kuleta kuni zangu.

Kila kitu kikawa tayari isipokuwa watu.

Mke wangu alijibu kwamba amesikia habari ya safari na anashukuru, lakini mahindi yako shambani, tungoje avune. Tukangoja. Alipovuna, mama yangu akashikwa na miguu, hangeweza kuachwa peke yake. Tukangoja tena. Halafu ikawa shule hazijafungwa. Sikumlaumu. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Lakini tela nilikuwa nimeshalivuta kwa pikapu hadi nyuma ya chumba changu Mutuini, na turubai likikaa limekunjwa muda mrefu hushika ukungu, kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa nililifungua lipate hewa.

Mara za kwanza majirani walikuja kutazama. Wazee waliinama wakachungulia chini kuona limeshikwa na nini. Wanawake waliingiza vichwa dirishani wakacheka, wakatoka. Baada ya majuma machache wakazoea, na mimi nikawa nalifungua peke yangu. Nilipanga vikombe vya bati kwenye misumari niliyoipigilia ukutani, kila mtu na chake. Nilitandika mablanketi. Kisha nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikisikiliza turubai likivuma kwa upepo, na nikapanga safari upya. Huku tutakula, huku tutajaza maji, hapa nitawaonyesha ziwa. Nilikuwa nasema nao kimoyomoyo, na wananijibu vizuri. Jua likishuka nyuma ya miwati nilikunja mablanketi, nikashusha kifuniko, nikafunga makufuli.

Jumapili moja yule mama mwenye shamba alikuja na kitambaa cha maua mkononi. Alikuwa ameona dirisha halina pazia. Alishona pale pale, ameketi kwenye kitanda kile kipana, na alipomaliza hakuondoka. Alipapasa godoro kwa kiganja.

"Watakuja lini?" akauliza.

Nikamwambia shule zikifungwa.

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Hata mimi naosha shati yake. Hakuna mtu anavaa, lakini mimi naosha."

Nilielewa ni shati la mume wake. Tukakaa hapo ndani, yeye kitanda kile, mimi kitanda hiki, hadi kuku wake walipoanza kurudi bandani naye akainuka kuwafungia.

Walikuja shule zilipofungwa mwezi wa nane. Nilikwenda stesheni na ile pikapu, nikasimama mwisho wa jukwaa mahali yanapofika mabehewa ya daraja la tatu. Watu walishuka wengi na mizigo na kuku. Mke wangu nilimwona kwanza, amebeba kikapu kichwani, na nikamjua kwa mwendo wake kabla sijauona uso. Nyuma yake alikuja kijana mrefu amebeba gunia begani. Nilimtazama nikafikiri ni shemeji yangu ametumwa kuwasindikiza. Alipofika karibu akaweka gunia chini, akanipa mkono, akasema, "Shikamoo, baba." Alikuwa amenifikia masikioni.

Msichana alinisalimu akitazama viatu vyangu. Yule mdogo, ambaye nilimwacha bado yuko mgongoni, alijificha nyuma ya rinda la mama yake na hakutoka.

Mutuini mama mwenye shamba alikuwa amepika. Aliwakumbatia wote kama watu aliowajua siku nyingi, na kwa kweli alikuwa akiwajua, maana tangu siku ile ya pazia nilikuwa nimemsimulia habari zao Jumapili nyingi. Kisha nikawapeleka nyuma ya nyumba. Nilifungua makufuli, nikasukuma kifuniko, turubai likapanda, nikavuta vitanda. Msichana akaguna kwa mshangao, akaingia mbio. Mdogo akamfuata. Kijana aliingia akiwa ameinama, akaona kitanda chake, akajilaza. Magoti yalibaki nje. Akajikunja upande, akajikunja tena, kisha akaketi.

"Kinatosha, baba," akasema.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni pa tela. Alitazama kile kitanda, akanitazama mimi. Kwa lugha yetu, na kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, akaniuliza, "Ulikuwa unampimia mtoto gani?"

Kesho yake nilitoa ile mbao ya kugawa na kumwachia msichana upande mzima alale na mdogo. Kijana nilimtengenezea mahali nyuma ya pikapu, chini ya turubai dogo. Alisema anapapenda kuliko mle ndani.

Tulikaa Mutuini siku chache. Niliwatembeza mjini, wakaona gereji, na Kalasinga akampa kila mtoto ndizi na kumtazama kijana mikono, kama anavyotazama mbao. Niliwapitisha Spring Valley waone nyumba za Wazungu, na mke wangu akauliza mbona hakuna watu nje. Mdogo alianza kunisogelea. Alikuwa akisikia kila mtu wa pale akiniita Fundi, na siku moja, akitaka maji, akanivuta suruali akasema, "Fundi, maji." Ndugu zake walicheka. Mke wangu akamkemea, akamwambia, huyu ni baba. Nikasema mwache tu. Nilimpa maji.

Tuliondoka asubuhi yenye baridi. Mama mwenye shamba alitupa mahindi ya kuchoma na viazi vitamu, akasimama njiani hadi tukapinda. Mbele tulikaa mimi, mke wangu na mdogo, nyuma kijana na msichana, na tela likitufuata limefungwa, pazia lake la maua ndani. Baada ya Limuru barabara ilifika ukingoni mwa bonde, na mke wangu, aliyepita huko kwa treni tu na gizani, akashika mlango kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Nikashuka kwa gia kama nilivyomwahidi Kalasinga. Tulipofika chini, msichana akagonga kioo cha nyuma akiomba turudi tushuke tena.

Kabla ya Nakuru palikuwa na kizuizi. Askari, Mwafrika mwenzangu, alilizunguka tela kama Kalasinga alivyolizunguka siku ya kwanza.

"Bwana wako yuko wapi?" akaniuliza.

"Sina bwana. Hili ni langu."

Akaniambia nifungue. Nikafungua. Akaona masufuria, mablanketi, vikombe kwenye misumari, na viatu vidogo vya msichana vimewekwa sawasawa chini ya kitanda. Alivitazama viatu kwa muda.

"Unapeleka wapi?"

"Napeleka watoto nyumbani."

Akashusha kifuniko yeye mwenyewe, kwa uangalifu, akaniambia niende. Tulipokuwa mbali kidogo mke wangu akasema, "Ulisema vizuri." Hayo ndiyo maneno mema ya kwanza aliyoniambia tangu afike, na niliendesha mwendo mrefu nikiyarudia kichwani.

Nakuru mchungaji alituonyesha uwanja kando ya kanisa. Mvua ilianza jioni, kabla hata chai haijachemka, tukaingia ndani wote watano, kijana naye, tukafunga zipu ya mlango. Turubai halikuvuja isipokuwa kwenye pembe moja ambapo mshono wangu ulikuwa mbaya, na mke wangu akaweka sufuria hapo. Tulikula viazi vya Mutuini. Kijana akaanza kusimulia habari za mwalimu wao anayelala darasani, msichana akaigiza jinsi anavyokoroma, mdogo akacheka hadi akapata kwikwi. Mke wangu alicheka pia, akifunika mdomo kwa kanga kama alivyokuwa akifanya alipokuwa msichana kwao. Nilikuwa nimepanga saa hiyo Jumapili nyingi sana. Ilikuja tofauti na nilivyoipanga, na ilikuwa bora. Lakini nitasema kweli, hata katikati ya kicheko kile nilijiona kama mtu aliyealikwa. Walikuwa wanacheka mambo ambayo wote wanne waliyajua, na mmoja wao alikuwa akisimama kila mara kunieleza.

Kutoka hapo barabara ikawa mbaya, vumbi kisha matope, na Kericho tulilala kwa baridi kali tukiwa tumebanana. Siku iliyofuata tukashuka Kisumu, tukapanda vilima vya kwetu. Watoto wa kijiji walikimbia nyuma ya tela toka sokoni. Mama yangu alitolewa nje kwenye kiti chake, akataka tela lifunguliwe, na alipolala kwenye kitanda kile kipana alisema hajawahi kulala juu ya magurudumu. Ilikuwa furaha, na watu walikula hadi wakatosheka.

Kabla sijarudi niliketi na mke wangu nyuma ya jiko, akiwa anachambua maharagwe. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia jambo tangu Nakuru. Nilimwomba arudi nami Nairobi, yeye na mdogo kwanza, wengine wafuate. Nilimwambia kwamba mama mwenye shamba ana chumba cha pili.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Nilikiangalia chumba chako, baba watoto. Kina kiti kimoja."

Nikamwambia viti natengeneza mimi mwenyewe, nitatengeneza vingi.

"Najua utatengeneza. Sisemi kwa ubaya. Umepanga maisha yako kama mtu anayekaa peke yake, na umeyapanga vizuri. Na mimi hapa nimepanga hivyo hivyo. Ulipofika juzi nilitafuta mahali pa kutundika koti lako, sikupaona."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeeleza jinsi nyumba ilivyo. Ningeweza kubishana. Nilitazama mikono yake ikitenga mbegu nzuri na mbovu, nikaona kwamba amelifikiria jambo hilo muda mrefu kuliko mimi. Akaongeza kwamba nije kila mwaka, watoto wananihitaji, na tuone baadaye. Nikasema sawa, tuone baadaye.

Nilirudi peke yangu. Tela tupu ni jepesi, linarukaruka nyuma ya gari, na vikombe vilikuwa vikigongana njia nzima hadi nikasimama kando ya barabara nikavitoa vyote nikavifunga ndani ya blanketi. Nakuru mchungaji alinikaribisha uwanja ule ule. Aliniuliza mbona silifungui, nikamwambia nimechoka, nitalala kwenye gari. Akaniletea chai. Aliuliza habari za watoto nikamjibu, kila mmoja kwa zamu yake, na nikagundua kwamba sasa nilikuwa na la kusema. Nilijua kijana anapenda kulala nje. Nilijua msichana anaweza kuigiza mtu yeyote.

Pikapu niliirudisha haijaguswa. Kalasinga aliizunguka, akaniuliza kama safari ilikuwa nzuri, nikasema nzuri, akanielekeza kwenye bodi la basi lililokuwa likiningoja. Tela lilikaa Mutuini. Nilikwenda nyumbani kila mwaka, lakini kwa treni, na baadaye kwa basi, kwa sababu pikapu iliuzwa. Yule mama aliniomba aweke mahindi yake ndani ya tela yasilowe, nikamruhusu. Mume wake alirudi mwaka uliofuata, amekonda, na kwa muda mrefu hakupenda kulala ndani ya nyumba. Jioni alikaa mle ndani ya tela, juu ya magunia, mlango wazi. Nilipohama Mutuini niliwaachia.

Nilikaa Nairobi hadi nilipozeeka kazini, na mke wangu akakaa Maragoli, na ile baadaye tuliyosema tutaiona ilikuja nikiwa na mvi. Mwezi wa kwanza nilioishi nyumbani tulikuwa kama wapangaji wawili. Kila mmoja aliamka kwa saa yake, kila mmoja alijua wapi pa kuweka kikombe chake. Mazungumzo yalitusumbua. Habari za mjini hakuzijua, habari za kijiji sikuzijua, na watoto walikuwa wameshatawanyika. Ndipo siku moja, tukiwa tumekaa nje tukimenya mihogo, akasema kwamba mvua ile ya Nakuru ilianza tukiwa bado tunashusha mizigo. Nikamwambia hapana, chai ilikuwa tayari iko motoni. Akasema mimi nimesahau, moto ulikuwa haujawashwa kabisa, kuni zilikuwa zimelowa, mchungaji ndiye aliyetuletea makaa. Tulibishana mchana ule wote, na kesho yake akauanzisha tena ubishi ule.